Gasketi na Subira: Ufundi wa Injini Kongwe katika Mwambao wa Nyasa

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, fikra za wengi huelekea kwenye ngoma, mashairi, vinyago na mavazi. Hilo si kosa. Hata hivyo, utamaduni ni pamoja na namna watu wafanyavyo kazi zao na namna warithishanavyo maarifa ya kazi hizo. Katika makala haya tunakusudia kuyaeleza maarifa ya aina moja tu, ambayo mpaka leo yamekaa zaidi vichwani na mikononi kuliko vitabuni: namna mafundi wetu walivyojifunza kuzuia uvujaji wa gasketi ya silinda hedi katika injini kuukuu zilizofumuliwa na kuundwa upya.

Tumeichagua Lituhi kuwa mahali pa kuitazamia historia hiyo, na tunayo sababu. Lituhi, ambayo tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, iko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake. Uso wa ziwa uko karibu meta 475 juu ya usawa wa bahari. Mbinga na Songea ziko juu zaidi ya meta 1,000, na Milima ya Umatengo hufikia karibu meta 2,000. Basi gari litokalo Lituhi na shehena ya dagaa halina budi lipande. Hupanda kwa gia ndogo, injini ikifanya kazi kubwa huku gari likienda polepole, na upepo uingiao kwenye rejeta ni haba. Maji huchemka, chuma hutanuka, na hapo ndipo udhaifu wa fundi aliyeifunga injini hiyo hudhihirika. Mlima huo umekuwa mwalimu mkali kuliko mwalimu yeyote wa darasani.

Injini hazikuanza na magari katika mwambao huu. Kabla ya magari zilikuja meli za mvuke. Huko Liuli, kusini mwa Lituhi, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo mwezi Agosti 1914. Wajerumani wa pale hawakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ikatokea na kuwafyatulia mzinga. Waingereza hawakuhangaika kuizamisha meli ile. Waliondoa baadhi ya vipande vya injini yake wakaenda zao. Baada ya vita meli hiyo hiyo ilitengenezwa upya na kupewa jina la King George. Tunalipata funzo hapa: chombo chote, pamoja na ukubwa wake, hutegemea vipande vidogo ambavyo abiria havioni.

Magari yalipoenea, funzo hilo lilihamia barabarani. Land Rover yenye injini ya petroli ya sentimeta za ujazo 2,286, iliyoanza kuundwa mwaka 1958, ilijulikana nchini kote katika kazi za serikali, misheni na vyama vya ushirika. Kisha ikaja bei kubwa ya mafuta ya mwaka 1973, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na vipuri navyo vikaadimika. Gari ambalo katika nchi tajiri lingetupwa, hapa lilifumuliwa injini mara ya pili, ya tatu na ya nne. Wahenga walikwisha kusema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mafundi wetu waliishi kwa maneno hayo.

Sasa na tuieleze gasketi yenyewe. Ni bamba jembamba lilazwalo kati ya bloku na silinda hedi. Kazi yake ni kuvitenga vitu vitatu ambavyo havipaswi kukutana: moto wa silinda, maji ya kupoza na oili. Ikishindwa, dalili hujitokeza. Mapovu huonekana katika rejeta, maji hupungua bila kuonekana yalikomwagikia, moshi mweupe hutoka nyuma, au oili hugeuka rangi ikawa kama maziwa. Pengine moto hupenya kutoka silinda moja hadi jirani yake, na gari likaishiwa nguvu pasipo tone la maji kuonekana nje. Hapo watu husema, "Gasketi imeungua."

Kauli hiyo ni ya kweli, lakini huficha chanzo. Injini iliyoundwa upya ikivuja baada ya siku chache, fundi mchanga hulaumu gasketi, akaweka nyingine, nayo ikaungua vilevile. Fundi mzoefu huuliza kwanza: uso wa chuma umenyooka? Huiweka rula ya chuma juu ya hedi, kwa urefu na kwa mshazari, akapitisha chini yake kipimo chembamba. Uwazi wa sehemu ya kumi tu ya milimeta unatosha kuleta hasara, na hedi iliyopinda kwa joto haina dawa ila kuchongwa kwa mashine. Kisha huyakagua matundu ya bolti. Tundu lenye uchafu, oili au maji humdanganya mkazaji: bolti huonekana imekaza, kumbe haijaibana hedi, na maji yaliyonaswa chini yake yaweza kuipasua bloku. Katika injini kama ya Peugeot 404, ambayo silinda zake ni mikebe inayozungukwa na maji, ni lazima mikebe hiyo itokeze kidogo juu ya bloku, na kwa kimo kinacholingana, la sivyo gasketi haitabanwa.

Baada ya hayo huja ukazaji. Huanzia katikati na kuelekea pembeni, kwa zamu, na kwa hatua: kwanza kidogo, kisha zaidi, kisha kwa nguvu kamili iliyopimwa. Injini hizo kongwe huwashwa zikapata joto, kisha bolti zikakazwa tena kwa kufuata maagizo ya kiwanda, kwa maana gasketi za zamani hulala kidogo zinapobanwa. Ni kazi ya subira, na anayeikatiza ili mwenye gari aondoke jioni ile ile humkuta mwenye gari huyo mlimani usiku, pengine akiwa na mgonjwa.

Si yote tuliyorithi yanafaa kuhifadhiwa. Kuipasha gasketi ya shaba mpaka iwe nyekundu, ili ilainike na kutumika tena, ni hekima ya kweli. Lakini gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto ndani yake, na mafundi walizikwangua na kuzipuliza vumbi bila kujua kwamba vumbi hilo huleta saratani. Kumuenzi fundi wa jana ni pamoja na kumwambia ukweli mwanagenzi wa leo.

Injini za sasa nyingi zina hedi za aluminiamu, na bolti zake mara nyingi hukazwa kwa kipimo cha pembe na hazirudiwi. Kanuni za zamani haziwezi kuhamishwa zote kama zilivyo. Lakini mwenendo wa akili uliozizaa kanuni hizo, yaani kupima kabla ya kulaumu, kusafisha kabla ya kufunga, na kufuata utaratibu hata pasipo msimamizi, haujachakaa. Mwenendo huo ulifunzwa kwa Kiswahili, chini ya miti na katika gereji, baina ya fundi na mwanagenzi. Wazee walioushika wanapungua. Twaomba vyuo vyetu vya ufundi viwasikilize na kuyaandika maneno yao kwa lugha ile ile waliyoitumia kazini, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kumbukumbu ni mgumu kuziba kuliko wa gasketi.