"Unataka Ngapi?": Historia Fupi ya Tiba ya Kukosa Usingizi

Katika muhula wa kwanza wa mwaka wangu wa pili chuoni, hapa Kampala, nilikaa karibu wiki tatu bila kupata usingizi wa maana. Mitihani ilikuwa inakaribia, ada ilikuwa haijakamilika, na kila nilipozima taa akili yangu ilianza kupiga hesabu. Mwenzangu wa chumbani alinishauri niende duka la dawa lililo karibu na hosteli. Muuzaji hakuniuliza umri wangu, wala kama nina ugonjwa mwingine, wala ni jambo gani linaloninyima usingizi. Aliuliza swali moja tu: "Unataka ngapi?" Nilichukua vidonge vitano. Usiku wa kwanza nililala fofofo. Usiku wa tano nilikuwa nikitazama dari kama zamani, na asubuhi yake nikasinzia katika mhadhara.

Insha hii inatoa hoja kwamba swali la yule muuzaji si lake peke yake. Ndilo swali lililotawala tiba ya kukosa usingizi kwa zaidi ya miaka mia moja, na madhara mengi yaliyoupata ulimwengu kutokana na dawa za usingizi yalichangiwa na kutouliza swali la pili: ni nini kinachomkesheza mtu huyu?

Waganga wa kale hawakuwa na dawa nyingi, lakini waliuliza sababu. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alieleza kwamba usingizi hutokana na mvuke wa chakula unaopanda kutoka tumboni kisha kushuka tena ukiwa umepoa. Karne nyingi baadaye Ibn Sina, tabibu wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, alihusisha kukesha na joto na ukavu wa ubongo. Leo tunajua kwamba maelezo hayo hayakuwa sahihi. Hata hivyo, yalimlazimu tabibu amchunguze mgonjwa kwanza: anakula nini, anahuzunishwa na nini, mwili wake ukoje.

Mambo yalibadilika katika karne ya 19, kemia ilipoingia katika tiba. Mwanzoni mwa karne hiyo Mjerumani Friedrich Sertürner alitenga kiini cha afyuni na kukiita kwa jina la Morpheus, mungu wa ndoto; ndiyo mofini tunayoijua. Mwaka 1869, mjini Berlin, Oscar Liebreich alitangaza kwamba klorali haidreti inaweza kumlaza mtu. Kemikali hiyo ilikuwa imetengenezwa tangu mwaka 1832 na Justus von Liebig, ila ilikuwa bado haijatangazwa kuwa dawa ya usingizi. Liebreich aliamini kwamba ikifika katika damu hugeuka kuwa klorofomu. Alikosea, lakini dawa ilifanya kazi, na kwa wanunuzi hilo lilitosha. Miongoni mwa waliotumbukia humo ni mshairi na mchoraji wa Uingereza, Dante Gabriel Rossetti. Alianza kuitumia kwa sababu ya kukosa usingizi, akawa mtumwa wake, na afya yake ikazorota hadi alipofariki mwaka 1882.

Mwaka 1903 Emil Fischer na Joseph von Mering walitangaza dawa mpya iliyouzwa kwa jina la Veronal. Hii ilikuwa ya kwanza katika ukoo wa babiturati. Dawa hizi zilimeza soko la usingizi kwa takriban miaka hamsini. Tatizo lake ni kwamba tofauti kati ya kipimo kinacholaza na kipimo kinachoua ni ndogo. Aidha, mwili huzizoea haraka, hivyo mtumiaji huongeza vidonge, na kila anapoongeza anausogelea ukingo. Mwigizaji wa Marekani Marilyn Monroe, aliyefariki mwezi Agosti 1962, ni mmoja tu kati ya watu wengi waliokufa kwa sumu ya babiturati.

Kwa kuwa babiturati ziliogopwa, kampuni zilianza kutafuta kidonge salama. Mwaka 1957 kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani Magharibi iliingiza sokoni thalidomaidi, kwa jina la Contergan. Ilisifiwa kuwa haina hatari hata kidogo, na mtu aliweza kuinunua bila cheti cha daktari. Kina mama wajawazito waliitumia ili walale na ili kupunguza kichefuchefu. Hapo ndipo watoto walipoanza kuzaliwa na mikono na miguu mifupi, au bila viungo hivyo kabisa. Dawa iliondolewa katika soko la Ujerumani mwezi Novemba 1961, baada ya daktari Widukind Lenz kuonya kuhusu uhusiano huo. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watoto 10,000 duniani waliathirika. Nchini Marekani madhara yalikuwa machache kwa sababu mkaguzi mmoja wa serikali, Frances Kelsey, alikataa kuidhinisha dawa hiyo. Alichofanya hakikuwa muujiza. Aliendelea kuuliza maswali na kudai ushahidi wakati kampuni ikimharakisha.

Baadaye zikaja benzodiazepini: Librium mwaka 1960 na Valium mwaka 1963, zote kutokana na kazi ya mkemia Leo Sternbach. Ni kweli kwamba hizi ni salama kuliko babiturati zinapotumiwa peke yake. Lakini nazo huzoeleka, na anayezitumia kwa muda mrefu akiziacha ghafla hupata mahangaiko, hukosa usingizi zaidi, na pengine hupatwa na degedege. Hata kizazi kilichofuata hakikukosa kasoro. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kipimo cha zolpidemu kwa wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa asubuhi dawa ilikuwa bado imo katika damu yao wakiwa wanaendesha magari.

Msomaji anaweza kuuliza: je, wakati huu wote hakuna aliyezungumzia chanzo? Walikuwapo. Katika miaka ya 1860 hadi 1880 daktari wa Marekani George Miller Beard alidai kwamba mishipa ya fahamu ya watu inachoshwa na maisha mapya: injini za mvuke, magazeti na simu za maandishi. Tukibadilisha maneno hayo kwa intaneti na simu za mkononi, tutasikia mahubiri ya leo. Wengine wakalaumu taa za umeme.

Lawama hiyo ilipata kipimo chake karibu nasi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo kuhusu jamii tatu zinazoishi bila umeme: Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Watu hao hawakulala jua lilipozama, bali kwa wastani zaidi ya saa tatu baadaye, na walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Kwa hiyo, imani kwamba babu zetu wote walilala saa nane kamili haina msingi imara. Nadhani jambo hili ni muhimu kwa mwanafunzi anayelala saa sita na nusu kisha akakesha kwa hofu kwamba hajalala vya kutosha.

Swali la pili lilirudi rasmi katika tiba miaka ya 1970. Mwaka 1972 mwanasaikolojia wa Marekani Richard Bootzin alipendekeza kwamba mtu akikesha kitandani usiku baada ya usiku, kitanda chenyewe hugeuka ishara ya kukesha. Mwaka 1987 Arthur Spielman na wenzake waligawa sababu katika mafungu matatu: zinazomweka mtu katika hatari, kama maumbile yake, zinazoanzisha tatizo, kama msiba, ugonjwa au mtihani, na zinazoliendeleza. Fungu la tatu ndilo ambalo watu hawalioni. Msiba umepita, lakini mtu bado anajilaza mapema ili afidie, analala mchana, anatazama saa kila mara. Kidonge hakigusi hata moja kati ya hayo.

Tiba iliyotokana na mawazo hayo, yaani tiba ya fikra na tabia, ina masharti rahisi kuyataja na magumu kuyafuata. Panda kitandani ukiwa na usingizi tu. Usipolala baada ya dakika ishirini hivi, ondoka, urudi usingizi ukija. Amka saa ileile kila siku. Usilale mchana. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri tiba hii itangulie dawa kwa watu wazima wenye tatizo sugu.

Sidai kwamba dawa hazina nafasi. Daktari anaweza kuzitoa kwa muda mfupi, na anayezitumia tayari asiziache bila ushauri. Ninachosema ni kwamba maswali yatangulie. Mimi niliulizwa na muuguzi, wiki moja baada ya vidonge kuisha. Alitaka kujua nasomea wapi. Nilimjibu: kitandani, kwa kuwa chumba chetu kina meza moja na sisi tuko wanne. Kisha akauliza ninachowaza taa ikizimwa. Nilihamishia vitabu vyangu maktaba, na jioni hiyo nikampigia mjomba simu kuhusu ada, jambo nililokuwa nikiliogopa kwa mwezi mzima. Usingizi haukurudi siku ileile. Ulirudi polepole, kabla ya mitihani kwisha.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Historia ya dawa za usingizi inaonesha kwamba kutouliza kumegharimu maisha ya watu. Vyuo vyetu vingefanya vyema kuwa na mtu wa kumuuliza mwanafunzi anayekesha, kabla hajafika dukani kuulizwa anataka ngapi.