Mwenda Tezi na Omo: Wanawake Waliosafiri Baharini Peke Yao



Msimu wa meli za kitalii ukifika, sisi wa mjini hatuhitaji kuambiwa. Tukiteremka kutoka Darajani kuelekea Forodhani tunaziona zimetia nanga mbele ya bandari ya Malindi, nyeupe, ndefu kama mtaa mzima uliong'olewa ukawekwa juu ya maji. Wageni wanashuka kwa mafungu. Wapo mume na mke, yapo makundi ya marafiki, na mara nyingi yumo bibi wa makamo aliye peke yake, kofia kichwani na mkoba begani, anapiga picha milango ya Mji Mkongwe bila ya haraka. Tunamtazama, na tuseme kweli, wengine wetu tunamwonea kijicho kidogo.

Kijicho hicho ndicho kilichotutia katika maandishi haya. Bibi harusi akipanga fungate hataona tabu kuitaja safari ya meli, kwa sababu watakuwa wawili. Lakini aliyeachwa je? Mjane je? Na yule ambaye hajaolewa, ana kazi yake na akiba yake, na anatamani siku saba za bahari tu? Huyo akilitaja jambo hilo mbele za watu, baraza zima hunyamaza. Kwa hivyo tumeona tusianze na hukumu. Tuanze na historia, tuwatazame wanawake waliopanda meli kabla yetu, tuone walilipa nini.

Tukianza nyumbani kwetu katika dini, wa kwanza ni Umm Haram bint Milhan, mwanamke wa Kiansari. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akimzuru nyumbani kwake. Siku moja alilala huko, akaamka akitabasamu, akaeleza kwamba ameoneshwa watu wa umma wake wakiwa juu ya bahari. Umm Haram hakusema kwamba bahari ni mambo ya wanaume. Alimwomba Mtume amuombee awe miongoni mwao, naye akamuombea. Miaka ilipita. Katika ukhalifa wa Sayyidna Uthman, Muawiya akiwa gavana wa Sham, jeshi la Waislamu lilivuka bahari kwenda kisiwa cha Kupro, na Umm Haram alikuwemo pamoja na mumewe, Ubada bin Samit. Baada ya kushuka nchi kavu alianguka kutoka kwenye mnyama aliyempanda, akafariki. Kaburi linalojulikana kuwa lake linazuriwa mpaka leo karibu na mji wa Larnaca, kando ya ziwa la chumvi.

Hakuwa peke yake, na safari yake haikuwa ya matembezi. Tumemtanguliza kwa sababu moja tu: hamu ya bahari ilikuwa yake mwenyewe, na aliisema waziwazi mbele ya mbora wa viumbe, wala hakukemewa. Basi mwenye hamu kama hiyo asijione ana kasoro. Kinachobaki ni kujua safari inaendwa vipi, na inagharimu nini.

Gharama hiyo hakuna aliyeijua zaidi kuliko binti wa kisiwa chetu, Sayyida Salme bint Said. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan na mama wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Alisoma Qur'an kama watoto wote wa kasri. Kuandika, ambako mabinti hawakufundishwa, alijifundisha mwenyewe kwa siri. Baba alifariki mwaka 1856, mama akamfuata mwaka 1859, na mwaka huohuo Salme akajikuta upande wa kaka yake Barghash katika ugomvi wa kiti dhidi ya Majid. Ugomvi ulishindwa, na yeye akabaki na ndugu waliogawanyika. Akiwa mjini, jirani yake akawa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Wakapendana, naye akawa mja mzito.

Agosti 1866, usiku wa sikukuu ya Mwaka, wanawake wa mjini waliteremka pwani kukoga baharini kama ilivyokuwa ada. Salme aliteremka pia. Lakini mashua iliyokuwa ikimngoja ilimpeleka kwenye manowari ya Kiingereza, Highflyer, na manowari ikampeleka Aden. Tuifikirie safari hiyo. Binti wa Sultani, umri wa miaka 21, asiyezoea kutoka bila ya watu wake, yumo ndani ya meli ya mabaharia wa kigeni na tumboni ana mtoto. Hakuaga mtu. Hakuombewa dua na mtu. Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi muda mrefu. Mwaka 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa na Ruete, wakaenda Hamburg.

Mwaka 1870 Ruete alifariki kwa ajali ya tramu. Salme akabaki mjane katika nchi ya baridi, na watoto watatu wadogo. Na hapa ndipo hesabu ya safari ile ilipoanza kuletwa. Mwaka 1885 alirudi Unguja ndani ya msafara wa meli za kivita za Kijerumani. Kwa Berlin alikuwa chombo cha siasa. Kwa nafsi yake alikuwa dada anayetaka kumwona kaka yake na kupata haki yake ya mirathi. Barghash, yuleyule aliyesimama naye mwaka 1859, sasa ndiye Sultani, na hakumpokea. Alikuja tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, na safari hiyo pia ilikwisha bila ya suluhu. Aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut, karibu na lugha na adhana alizokulia nazo, kisha akarudi Ujerumani. Alifariki mwaka 1924 mjini Jena, akazikwa Hamburg. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja.

Wengine humsimulia Salme kama shujaa wa mapenzi, wengine kama onyo. Sisi hatutamhukumu, hukumu yake iko kwa Mola wake. Tunachokiona ni hiki: bahari haikumdhuru. Highflyer ilimfikisha salama. Kilichomuumiza kwa miaka 58 ni kwamba alipoondoka, mlango nyuma yake ulifungwa, na kila alipopata meli ya kumrudisha hakupata mtu wa kuufungua. Wazee wetu mabaharia walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Utakwenda nyuma ya chombo, utakwenda mbele, mwisho utarudi pale katikati. Salme alifika tezi na omo ya dunia, lakini kwake ngama haikuwepo tena.

Mwingine ni Mmarekani, na safari yake inakaribia zaidi ile inayotamaniwa leo. Mwandishi wa gazeti la New York World, Nellie Bly, aliwaambia wakubwa wake kwamba anaweza kuizunguka dunia kwa siku chini ya 80. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba mwanamke atahitaji mlinzi, tena atabeba masanduku mengi mno. Alishikilia neno lake, na tarehe 14 Novemba 1889, akiwa na umri wa miaka 25, alipanda meli iitwayo Augusta Victoria kutoka karibu na New York. Alivaa nguo moja na koti, na vitu vyake vyote viliingia katika mkoba mmoja wa mkononi. Alipita Suez, akashuka Aden, mji uleule aliposhukia Salme miaka 23 kabla yake, akaendelea Colombo, Singapore, Hong Kong na Yokohama. Tarehe 25 Januari 1890 alikuwa amesharudi, baada ya siku 72 na saa chache.

Dada zetu mnaofunga masanduku matatu kwa harusi ya Pemba, mkoba ule mmoja una somo lake. Lakini lipo somo jengine. Ndani ya meli abiria hawakuweza kuamini kwamba mwanamke yupo peke yake kwa sababu za kawaida. Ukazuka uvumi kwamba ni tajiri wa Kimarekani mwenye akili za ajabu, anayezunguka na kitabu cha benki na burashi ya nywele, na wapo wanaume waliomtaka ndoa kwa ajili ya uvumi huo. Hata huko kwao, mwanamke peke yake melini alitafutiwa hadithi. Kwa hivyo tunapodhani kwamba maneno ya watu ni ugonjwa wa visiwa vyetu tu, tujue kwamba ugonjwa huo ni wa zamani, na nchi zake ni nyingi.

Sasa tazameni namna mambo yanavyofungamana. Augusta Victoria, meli iliyomchukua Nellie Bly, ilikuwa mali ya kampuni ya Hamburg, mji uleule alioishi Salme. Wakati wa baridi Bahari ya Atlantiki ilichafuka, abiria walipungua, na meli kubwa zikakaa bure. Mkuu mmoja wa kampuni hiyo, Albert Ballin, akapata wazo la kuipeleka meli kwenye jua. Januari 1891 Augusta Victoria iliondoka Cuxhaven na abiria 241 kwenda Mediterania, na nia ya safari ilikuwa kutembea tu na kurudi. Wapo waliomcheka. Lakini safari ile inahesabiwa kuwa miongoni mwa mianzo ya utalii wa meli tunaoujua leo. Mwaka 1900 kampuni hiyo ilizindua Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa kwa kazi hiyo ya matembezi tangu mwanzo.

Ila biashara hiyo ilijengwa juu ya hesabu ya watu wawili. Mpaka leo bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya mtu mmoja anayelala chumba kimoja na mwenziwe. Ukienda peke yako unaongezwa nyongeza, na mara nyingi hiyo nyongeza hukaribia bei ya mtu wa pili ambaye hayupo. Ni mwaka 2010 tu ilipoanza kazi meli kubwa ya Norwegian Epic, iliyotengewa zaidi ya vyumba 100 vidogo vya mtu mmoja mmoja, pamoja na ukumbi wa hao walio peke yao kukutana. Kwa hivyo hata wenye meli walichukua zaidi ya miaka 100 kukubali kwamba mtu mmoja naye ni abiria kamili.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno letu. Mwanamke anayepanda meli peke yake siku zote amelipa mara mbili. Nellie Bly alilipa kwa heshima yake kuchezewa midomoni. Bibi yule wa Forodhani huenda amelipa kitanda asichokilalia. Salme alilipa nyumba nzima. Kabla ya kuuliza tiketi ni bei gani, tuulize malipo ya pili ni yapi, na nani anayetudai.

Yapo madai ya haki. Wanazuoni wa Kishafii, madhehebu ya wengi wetu visiwani, hutofautisha safari ya faradhi na safari ya matembezi. Katika hija ya faradhi waliruhusu mwanamke aende na wanawake waaminifu hata bila ya maharimu. Katika matembezi walikaza zaidi. Mwaka 2022 waziri wa hija wa Saudi Arabia alitangaza kwamba mwanamke anaweza kwenda hija au umra bila ya maharimu, na mjadala ukafunguka upya. Sisi si mamufti. Tunachosema ni kwamba swali hili liulizwe mapema, kwa sheikh au ustadhati mnayemwamini, kabla ya kulipa arubuni. Na pengine jawabu ni jepesi kuliko tunavyodhani: kaka, mtoto wa kiume aliyekua, au kundi la mama na mashangazi wenye kabini zinazopakana.

Yapo na madai yasiyo ya haki: maneno ya baraza, uvumi wa kitabu cha benki, na lile la kwamba mjane hana tena cha kufurahia. Madai hayo hayana mwisho wa kulipwa. Yaacheni yakae.

Na kwa bibi harusi anayesoma haya huku hina haijakauka, tunaongeza neno moja. Kabla hujafunga ndoa, mwambie mwenzio unachokitamani, kama Umm Haram alivyosema cha kwake. Kama ni bahari, sema bahari. Hamu iliyosemwa hupangiwa safari. Iliyofichwa hutafuta mashua usiku.

Tukipata nafasi tusimame mbele ya Makumbusho ya Kasri pale Mizingani, kisha tugeuke tuitazame bahari. Upande ule ndiko alikopita. Tumuombee dada yeyote anayeondoka leo, awe peke yake au na wenziwe, aondoke mchana, aage, apewe dua, na akirudi akute taa inawaka na mlango umeachwa wazi.