Namna ya Kuchagua Diski ya Kuaminika kwa Kompyuta ya Kwanza ya Kuunganishwa Nyumbani

SINGIDA – Mkazi wa Singida Mjini anayeamua kuunganisha kompyuta yake ya kwanza kwa mikono yake hununua vipande kimoja kimoja: ubao mama, prosesa, kumbukumbu, kasha, kifaa cha kugawa umeme na diski ya kuhifadhia kazi. Vipande hivyo vyote, isipokuwa kimoja, vikiharibika hurudishwa kwa fedha. Diski ndiyo isiyorudishika kwa namna hiyo. Diski mpya hupatikana dukani, lakini utafiti wa mwanafunzi, vyeti vilivyoskaniwa kwa ajili ya maombi ya ajira, hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa au picha za mzazi aliyefariki havipatikani dukani.

Kwa sababu hiyo, uchaguzi wa diski unastahili uangalifu kuliko uchaguzi wa kipande kingine chochote. Makala haya yanaeleza aina za diski zilizopo sokoni, mambo ya kuzingatia katika mazingira ya Singida, namna ya kutambua diski bandia au iliyochoka, pamoja na haki na wajibu wa mnunuzi.

Aina mbili za diski

Diski zinazouzwa leo ni za aina kuu mbili. Ya kwanza ni diski inayozunguka, ijulikanayo kwa kifupi HDD. Ndani yake kuna sahani zenye sumaku zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Teknolojia hii ilianza mwaka 1956, kampuni ya IBM ya Marekani ilipotoa mashine yenye sahani 50 iliyohifadhi herufi takribani milioni 5 tu. Hivi sasa watengenezaji wakubwa wa diski za aina hii duniani wamebaki watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba.

Aina ya pili ni diski isiyozunguka, ijulikanayo kwa kifupi SSD. Hii haina kitu kinachotembea ndani yake. Taarifa huhifadhiwa katika chipu. Diski inayozunguka husoma takribani megabaiti 150 hadi 250 kwa sekunde. Diski ya chipu inayotumia kebo ya SATA hufikia takribani megabaiti 550, na ile bapa ya NVMe inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama huweza kuvuka megabaiti 3,000.

Mnunuzi wa diski bapa, inayoitwa M.2, anapaswa kuwa mwangalifu. Diski za umbo hilo zipo zinazotumia mfumo wa SATA na zipo zinazotumia mfumo wa NVMe, na si kila ubao mama hupokea zote mbili. Kitabu cha maelezo cha ubao mama ndicho kinachotoa jibu, hivyo kisomwe kabla ya fedha kutolewa.

Mazingira ya Singida

Mji wa Singida upo katika mwinuko wa takribani mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Diski nyingi zinazozunguka zimeundwa kufanya kazi hadi mwinuko wa takribani mita 3,000, hivyo mwinuko si tatizo. Mambo yanayohitaji kuangaliwa ni vumbi, ukavu wa hewa, umeme na safari.

Katika miezi ya kiangazi upepo hubeba vumbi jingi. Vumbi haliingii kwa urahisi ndani ya diski, bali huziba feni na matundu ya kasha na kuifanya diski ifanye kazi katika joto kali kwa muda mrefu. Kasha lenye vichujio vya vumbi, na usafi wa feni angalau mara moja kwa mwezi, hurefusha maisha ya diski. Diski nyingi zinazozunguka zina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio. Tundu hilo lisizibwe kwa gundi wala karatasi.

Hewa kavu huzalisha umeme tuli mwilini. Anayeunganisha kompyuta anashauriwa kugusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika diski, na kuishika kwa kingo bila kugusa sehemu zenye vipande vya kielektroniki.

Kuhusu umeme, hatari kubwa zaidi ni kukatika ghafla wakati diski inaandika. Taarifa iliyokuwa ikiandikwa huweza kupotea, na wakati mwingine mpangilio mzima wa mafaili huvurugika. Inafaa kutofautisha vifaa viwili. Stabilaiza hurekebisha umeme unaopanda na kushuka, lakini haina akiba. Umeme ukikatika, kompyuta huzimika papo hapo. UPS ina betri inayompa mtumiaji dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Kwa kompyuta ya mezani, fedha iliyopunguzwa kwenye ukubwa wa diski na kuwekwa kwenye UPS imetumika vizuri.

Aidha, wananchi wengi huagiza vifaa kutoka Dar es Salaam, safari ya takribani kilomita 700 kwa basi. Diski inayozunguka huumizwa na mtikisiko. Isafirishwe ikiwa imefungwa katika mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na kuzungukwa na sponji au karatasi laini, na isichanganywe na mizigo mizito.

Namna ya kusoma maelezo ya diski

Jambo la kwanza ni ukubwa. Watengenezaji huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti trilioni 1, lakini mfumo wa Windows hugawa kwa 1,024. Hivyo diski halali ya terabaiti 1 huonekana kwenye kompyuta kama gigabaiti 931 hivi. Tofauti hiyo si wizi.

Jambo la pili ni takwimu za uimara. Baadhi ya maboksi huandikwa saa 1,000,000 kabla ya hitilafu. Saa hizo ni sawa na miaka 114, lakini haina maana kwamba diski moja itaishi miaka hiyo. Ni wastani unaokokotolewa kutokana na diski nyingi zilizofanya kazi kwa muda mfupi. Kipimo chenye manufaa zaidi kwa mnunuzi ni muda wa dhamana. Diski zenye dhamana ya miaka 3 au 5 huonyesha kwamba mtengenezaji yuko tayari kugharamia kasoro kwa kipindi hicho. Hata hivyo, dhamana hurudisha diski tu, hairudishi kilichokuwa ndani yake.

Jambo la tatu, kwa diski za chipu, ni kiwango cha terabaiti zinazoweza kuandikwa, kinachoandikwa TBW. Diski yenye kiwango cha terabaiti 300 ikiandikwa gigabaiti 30 kila siku huchukua zaidi ya miaka 27 kufikia kiwango hicho. Kwa matumizi ya nyumbani, kwa hiyo, hofu ya diski ya chipu kuchakaa kwa kuandikwa ni ndogo kuliko hatari ya umeme mbaya au ya kununua bidhaa bandia.

Jambo la nne, kwa diski zinazozunguka, ni namna ya kuandika. Zipo zinazoandika njia zikiwa zimetengana, ziitwazo CMR, na zipo zinazopandanisha njia kama vigae vya paa, ziitwazo SMR. Za SMR hupungua kasi sana zinapoandikwa mfululizo. Zinafaa kwa kuhifadhi nakala, si kwa kuendeshea mfumo wa kompyuta.

Kampuni ya Backblaze ya Marekani, inayotumia maelfu ya diski kuhifadhi taarifa za wateja, imekuwa ikichapisha kumbukumbu za hitilafu kwa zaidi ya miaka 10. Kumbukumbu hizo zinaonyesha kuwa takribani diski 1 hadi 2 kati ya kila 100 huharibika kwa mwaka, na kwamba tofauti kati ya modeli na modeli za mtengenezaji mmoja huweza kuwa kubwa. Diski hizo hufanya kazi katika majengo yenye ubaridi na umeme wa uhakika. Funzo lake ni kwamba jina la kampuni peke yake si kinga.

Diski bandia na zilizochoka

Sokoni huonekana diski ndogo za nje zinazotangazwa kuwa na terabaiti 8 au 16 kwa bei ya chini mno. Nyingi kati ya hizo huwa na chipu ndogo iliyobadilishwa ili idanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Mafaili ya mwanzo hukaa salama. Nafasi halisi ikijaa, yanayofuata hupotea bila onyo lolote.

Kwa diski iliyotumika, mnunuzi aombe kuiona ikichomekwa kwenye kompyuta dukani. Programu ya CrystalDiskInfo kwa Windows, au smartmontools kwa Linux, huonyesha kumbukumbu za afya za diski yenyewe. Mambo manne yaangaliwe: saa ambazo diski imewashwa, idadi ya sehemu zilizohamishwa kwa ubovu, sehemu zinazosubiri kuhamishwa, na makosa yasiyorekebishika. Mwaka mmoja una saa 8,760, hivyo diski yenye saa 30,000 imefanya kazi zaidi ya miaka 3 bila kuzimwa. Idadi ya sehemu mbovu ikiwa zaidi ya sifuri, diski hiyo isibebe kazi ya pekee ya mtu.

Hata diski mpya ijaribiwe kabla ya kukabidhiwa kazi. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, hujaza diski yote na kusoma upya kilichoandikwa. Zoezi hilo huchukua saa kadhaa, na hufichua udanganyifu wakati muuzaji bado anafikika.

Haki na wajibu wa mnunuzi

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Tume hiyo pia hushughulikia bidhaa bandia kwa mujibu wa Sheria ya Alama za Bidhaa. Ili malalamiko yasikilizwe, mnunuzi anahitaji ushahidi. Risiti ya EFD, ambayo muuzaji anapaswa kuitoa na mnunuzi kuidai, ndiyo ushahidi wa kwanza. Namba ya diski na muda wa dhamana viandikwe pia.

Nakala rudufu

Hakuna diski isiyoharibika. Diski ya kuaminika ni ile ambayo mwenye nayo anaweza kuipoteza leo bila kupoteza kazi yake. Kanuni inayotumika duniani ni nakala 3, katika vyombo 2 tofauti, na 1 kati ya hizo iwe nje ya nyumba, kwa mfano kwa ndugu au katika hifadhi ya mtandaoni. Mpangilio unaofaa kwa kompyuta ya kwanza ni diski ya chipu ya gigabaiti 250 hadi 500 kwa mfumo na kazi za kila siku, na diski inayozunguka ya terabaiti 1 kwa nakala, ambayo huchomolewa ikishamaliza kunakili. Nakala zifunguliwe mara kwa mara kuhakikisha kwamba zinasomeka.

Diski inapoondolewa

Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuondoi taarifa. Diski inayozunguka iandikwe upya yote, na diski ya chipu isafishwe kwa programu ya mtengenezaji wake kabla ya kuuzwa. Kwa wenye steshenari na ofisi zinazotunza nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja, jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Diski iliyokufa isichomwe moto wala kutupwa jalalani, kwa kuwa ni taka ya kielektroniki. Ikabidhiwe kwa wakusanyaji waliosajiliwa na mamlaka husika.

Mwananchi anayejiandaa kununua anashauriwa kupanga bajeti yake kwa utaratibu huu: diski yenye dhamana na risiti, diski ya pili ya nakala, kisha UPS. Kasi na ukubwa vije baada ya hapo.