Mkuu mpya wa Jaguar Land Rover anaamua nini?

Land Rover kuukuu tunazoziona zikipanda milima ya Uluguru zina jina moja na magari ya kifahari ya Uingereza. Kampuni yake, Jaguar Land Rover, ilinunuliwa na Tata Motors ya India mwaka 2008. Novemba 2025 P.B. Balaji, aliyekuwa mkuu wa fedha wa Tata Motors, alichukua nafasi ya mtendaji mkuu Adrian Mardell.

Mtendaji mkuu huongoza mipango ya magari yatakayoundwa, viwanda na bei, chini ya usimamizi wa bodi. Defender ya zamani ilikoma kuundwa Januari 2016. Mpya, inayoundwa Slovakia, ni ya wenye uwezo. Hivyo gari linaloshusha mboga kutoka Mgeta bado linamtegemea fundi na muuza spea wetu.