Damu au Malezi? Kutoka Toronto hadi Uganda

Wahenga walituachia methali mbili zinazogombana. Moja yasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Nyingine yajibu, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mtoto akiwa mkorofi, ya kwanza hulaumu ukoo, ya pili humlaumu mzazi, na mara nyingi mama. Ugomvi huu una historia yake hapa Toronto.

Tarehe 28 Mei 1934, karibu na Corbeil, Ontario, walizaliwa mapacha watano wa familia ya Dionne, wasichana waliotokana na yai moja. Serikali ya Ontario iliwatenga na wazazi wao, ikawaweka katika nyumba maalumu ambako watalii walikwenda kuwatazama. William Blatz, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliwachunguza. Damu yao ilikuwa moja na ratiba yao moja, lakini aliona kila mmoja ana tabia yake. Walirudishwa kwa wazazi mwaka 1943. Mwaka 1998 serikali iliwalipa watatu waliokuwa hai fidia ya dola milioni 4.

Mwanafunzi wa Blatz, Mary Ainsworth, alipata shahada ya uzamivu katika chuo hicho hicho mwaka 1939. Mwaka 1954 alikwenda Uganda, akazitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Aliwatazama watoto nyumbani kwao. Aliona kwamba mtoto anayemwamini mama yake huthubutu kutambaa mbali, kisha humrudia. Tena, mama aliyeweza kueleza mambo madogo madogo ya mtoto wake, aghalabu mtoto huyo alikuwa ametulia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1967.

Jeni ziliingia baadaye. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi, Bakermans-Kranenburg na van IJzendoorn, walichapisha utafiti mdogo kuhusu jeni iitwayo DRD4. Watoto wenye aina fulani ya jeni hiyo, ambao mama zao hawakuwa wepesi kuelewa ishara zao, walionyesha ukorofi zaidi. Wenye jeni hiyo hiyo waliolelewa na mama msikivu hawakuwa hivyo.

Basi kila methali imeshika nusu ya habari. Jambo hili lina uzito kwa familia zetu hapa Kanada, ambako mama hufanya kazi zamu mbili kisha huambiwa ameshindwa kulea. Usikivu unahitaji muda, na muda hupatikana pale mama anapokuwa na watu wa kumsaidia. Kabla ya kumlaumu, tuulize nani anampokea mtoto.