Kubishana na Kupatana: Funzo la Mkutano wa Taifa



Kila jamii huwafundisha watoto wake namna ya kubishana. Kuna mahali ambapo mshindi ni yule mwenye hoja nzito, na kura ikishapigwa shauri limekwisha. Kwetu, katika mabaraza mengi ya wazee, desturi ilikuwa nyingine. Watu walisema kwa zamu, shutuma zilifunikwa kwa methali ili asiaibishwe mtu, na mzee mkubwa alisema mwisho, akiyakusanya yote yaliyosemwa. Hawakutafuta mshindi. Walitaka wagomvi warudi kuishi pamoja, kwa kuwa kesho wangechota maji katika kisima kimoja.

Desturi hizo mbili zilikutana mjini Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991, ulipofunguliwa Mkutano wa Taifa. Wajumbe walikuwa zaidi ya 2,000, nao wakamchagua Laurent Monsengwo, Askofu Mkuu wa Kisangani, awe mwenyekiti. Januari 1992 serikali iliusimamisha mkutano. Tarehe 16 Februari waamini waliandamana kwa amani wakidai ufunguliwe tena. Askari wakawafyatulia risasi, na watu wakauawa. Aprili majadiliano yakaendelea. Haki ya kubishana kwa maneno ililipiwa kwa damu.

Ndani ya ukumbi kura ilitumika: tarehe 15 Agosti 1992 Étienne Tshisekedi alichaguliwa kuwa waziri mkuu kwa zaidi ya 70% ya kura. Lakini mapatano nayo yalitafutwa kwa subira, kama katika baraza. Subira hiyo iliwawezesha wapinzani wakubwa kukaa chini ya paa moja kwa miezi mingi.

Hata hivyo, tuseme ukweli. Taarifa za tume zilizochunguza mauaji na mali zilizopatikana kwa njia mbaya hazikusomwa mbele ya mkutano wote, kwa kuhofia kwamba zingeuvunja. Tarehe 6 Desemba 1992 mkutano ulifungwa, na maneno hayo yakabaki katika bahasha. Hapo ndipo udhaifu wa desturi yetu unapoonekana: twaweza kuipenda amani hata tukamnyamazisha aliyejeruhiwa. Katika baraza la zamani pia, mara nyingi vijana na wanawake walisikiliza tu.

Basi tusiitupe desturi ya wazee, wala tusiifanye kifuniko cha jeraha. Heshima yao katika kusema tuishike. Tuiongezee ujasiri wa kulitaja kosa kwa jina lake, huku mkosaji akiachiwa mlango wa kurudi. Jeraha lililofunikwa bila kuoshwa huoza.

Ya kujadili katika kikundi:
1. Katika mikutano yetu, ni nani hasemi, na kwa nini?
2. Je, kuna jambo tulilolinyamazia kwa jina la amani?