Kliniki Kabla ya Mimba Kutunga

Mtu akisikia mtaani Dar es Salaam kwamba fulani "ameanza kliniki", haulizi anaumwa nini. Anajua ni mjamzito. Neno hilo limeshikamana na wajawazito na watoto wachanga kiasi kwamba mwanamke asiye na mimba, anayetaka kumwona daktari kwa sababu anapanga kuzaa mwakani, hana namna fupi ya kusema anakwenda wapi. Akisema kliniki, shoga zake wataanza kumpongeza.

Huduma anayoitafuta ipo, na kwa Kiingereza ina jina: preconception care. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu Geneva ili wakubaliane kuhusu yaliyomo ndani yake. Ni ushauri, vipimo, kinga na matibabu wanayopewa mwanamke na mwenzi wake kabla mimba haijaingia. Hapa hazungumziwi mtu aliyehangaika miaka bila kupata mtoto, ingawa wengi huchanganya mambo hayo mawili. Anazungumziwa mtu mzima wa afya, au mwenye ugonjwa wa kudumu, ambaye bado hajaanza kujaribu.

Tafsiri inayosikika mara kwa mara ni "huduma kabla ya ujauzito". Ni nyepesi na inaeleweka. Ila ujauzito ni hali ya mja mzito, na kwa watu wengi hali hiyo huanza tumbo linapojitokeza, au mapema zaidi pale siku zinapopitiliza. "Huduma kabla ya mimba kutunga" ni ndefu kidogo, lakini inataja tukio lenyewe, na kitenzi chake kimezoeleka: hata asiyesoma vitabu vya uzazi anaelewa akiambiwa kuwa mimba imetunga nje ya kizazi. Makala haya yanaichagua hiyo ya pili, na sababu yake ni ya kihesabu.

Muuguzi huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa hiyo mwanamke aliyepitiliza siku moja tu tayari ana mimba ya wiki nne kwenye kadi, ingawa ilitunga takriban wiki mbili zilizopita. Wakati huohuo mrija wa neva, ambao ndio hukua ukawa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ifikapo siku ya 28 baada ya mimba kutunga. Kwa hesabu ya kadi hiyo ni wiki ya sita. Tangu siku anayoanza kushtuka kwamba hajaona damu, zimebaki wiki mbili hivi. Na Afrika Mashariki wanawake wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza miezi mitatu ikiwa imekwisha kupita. Vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki, anavyokabidhiwa siku hiyo vitamsaidia sana yeye na mtoto, lakini kwa mrija huo vimechelewa.

Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, huwafanyia upasuaji watoto wa namna hiyo, pamoja na wale wenye vichwa vikubwa. Upasuaji huokoa maisha, lakini hauwezi kurudisha neva zilizokwisha kuharibika: wapo wanaokua na miguu isiyo na nguvu, na wasioweza kuzuia haja. Nyumbani nako mama hunyooshewa kidole. Ataambiwa karogwa, au ana laana ya ukoo.

Mwaka 1991 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, uliofanyika katika vituo 33 vya nchi 7. Waliohusika ni wanawake waliokwisha kuzaa mtoto mwenye kasoro hiyo na waliotaka kuzaa tena. Waliomeza asidi ya foliki tangu kabla ya kushika mimba walipunguza hatari ya kasoro kurudi kwa asilimia 72. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kupata tatizo hilo, kipimo kinachoshauriwa leo ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla mpaka wiki ya 12. Aliyewahi kulipata huandikiwa miligramu 4. Tanzania mwaka 2011 na Kenya mwaka 2012 ziliweka masharti ya kuongeza virutubisho kwenye unga wa viwandani, asidi ya foliki ikiwamo. Sera ni nzuri, lakini haimfikii anayesaga mahindi yake mwenyewe kwenye mashine ya kijijini.

Foliki ni sehemu tu ya mazungumzo hayo na daktari. Mwanamke mwenye kifafa anayetumia valproeti anapaswa kuifikisha paketi yake mezani kwa daktari kabla ya kitu kingine chochote. Takriban mtoto mmoja kati ya kumi wanaokutana na dawa hiyo tumboni huzaliwa na kasoro ya maumbile, na wengine huchelewa kusema na kujifunza. Zipo dawa nyingine zilizo salama zaidi, ila kubadilisha huchukua muda na hufanywa polepole, kwa sababu kuiacha ghafla huleta degedege zinazoweza kuua. Kazi hiyo haiwezekani ndani ya wiki mbili. Mwenye kisukari naye anahitaji miezi ya kuishusha sukari, na baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, hubadilishwa mapema.

Mwanamume hapaswi kubaki nje kwenye benchi. Kipimo cha selimundu kinawahusu wawili: kila mmoja akiwa na chembe moja tu ya urithi wa ugonjwa huo, wote wawili huonekana wazima, lakini kila mimba yao ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto mgonjwa. Makanisa na misikiti mingi tayari huwahimiza wachumba kupima Ukimwi kabla ya ndoa. Kuongeza selimundu, kaswende na homa ya ini B kwenye safari hiyohiyo si mzigo mkubwa.

Ipo siku moja ambayo mhudumu hajui tu kwamba mwanamke yuko mbele yake, bali anajua na nia yake: siku anapokuja kutolewa kijiti au kitanzi cha uzazi wa mpango kwa sababu anataka mtoto. Mara nyingi kijiti hutolewa, bandeji hufungwa, na mwanamke huondoka mikono mitupu. Wizara za afya ziagize kwamba siku hiyo apewe vidonge vya foliki, apimwe presha, sukari na wingi wa damu, na aulizwe dawa anazotumia. Na mwanamke anayesoma haya, ambaye amepanga kutolewa kijiti mwezi ujao, aviulizie mwenyewe vidonge hivyo leo.